Mkopo wa Chuo Ukiwa Tunduma: Anza Kabla Dirisha Halijafunguliwa

Kaka yako aliyeingia chuo mwaka 2015 atakupa ushauri mwingi wa kuomba mkopo, na karibu wote umepitwa na wakati. Atakueleza habari za kuchapa fomu, kuisainisha, kuifunga kwenye bahasha kubwa na kuipeleka Posta iende Dar es Salaam kwa EMS. Msikilize kwa adabu, maana ni mkubwa wako, halafu soma hapa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianza kazi Julai 2005, na tangu hapo imehamishia maombi mtandaoni kidogo kidogo. Sasa fomu inajazwa kwenye mfumo, malipo yanafanywa kwa kontro namba, viambatisho vinapakiwa, na vyeti vinahakikiwa na RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, kabla Bodi haijavitazama. Bahasha imeshastaafu. Ugumu nao umehama: zamani ulikuwa kwenye safari na foleni, siku hizi uko kwenye makaratasi yako, kama yanasema jambo moja au kila moja lina habari zake. Kwetu huku mpakani, ambako mtu anaweza kuwa amezaliwa mkoa mmoja na kukulia mwingine bila kuhama nyumba, jambo hilo linataka maandalizi.

1. Ihesabu miezi vizuri, JKT ikiwemo

Mwaka 2025 dirisha la maombi lilifunguliwa 15 Juni likafungwa 31 Agosti. Mwaka 2024 lilianza 1 Juni, na Bodi ikaongeza wiki mbili hadi 14 Septemba. Ukitazama kalenda unaona muda upo tele. Sasa weka humo mambo yako: mtihani wa kidato cha sita umemalizika Mei, unaripoti JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka ukiwa kambini, kisha udahili wa vyuo unaanza. Kijana aliyeko Itende pale Mbeya au Luwa kule Rukwa hawezi kuomba ruhusa akafuatilie cheti Vwawa kila wiki.

Likizo ya Desemba ya kidato cha sita ndiyo nafasi yako. Cheti cha kuzaliwa, uhakiki, namba ya NIDA na makaratasi ya wazazi, vyote vishughulikie wakati huo. Huhitaji matokeo ya kidato cha sita ili kuanza. Mfumo unakutambua kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, nayo unayo tayari. Wiki mbili za nyongeza zisikupumbaze. Safari nyingine zinatolewa, nyingine hazitolewi.

2. Namwinga na Simwinga, kwa kompyuta, ni watu wawili

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wa Momba na Tunduma wanapoteseka kuliko wenzao wa Dodoma.

Mnyamwanga yeyote anajua kwamba mtoto wa kiume ni Simwinga na dada yake ni Namwinga, au Silwimba na Nalwimba. Ukoo ni ule ule. Mwalimu wa hapa anaelewa, mwenyekiti wa mtaa anaelewa, hata dereva wa bodaboda anaelewa. Matatizo huanza pale bibi alipomwandikisha binti shule kwa jina la Namwinga, kisha miaka kumi baadaye baba akaenda kuchukua cheti cha kuzaliwa na kumwandikisha Simwinga, kwa sababu ofisini aliulizwa jina lake yeye. Sasa cheti cha NECTA kina jina moja, cheti cha kuzaliwa kina jingine, na NIDA imefuata lolote lililopelekwa siku hiyo. Ofisa aliyeko Dar es Salaam hana wa kumuuliza.

Kanuni rahisi: fuata jina la NECTA. Ukiingiza namba yako ya mtihani, mfumo wa mikopo unaleta jina lililoko kwenye matokeo, na jina hilo likishafika kwenye cheti si rahisi kuligusa. Vingine ndivyo vilifuate. Nenda ofisi ya RITA ya wilaya uulize kuhusu kusahihisha cheti cha kuzaliwa. Kama tofauti ni ndogo, uliza kama hati ya kiapo iliyoandaliwa kwa wakili au hakimu inatosha. Pia angalia mpangilio wa majina, herufi zilizoongezeka, L iliyogeuka R, na jina la babu lililoko huku likikosekana kule.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha pili au cha tatu, wewe una bahati. Omba shuleni uone jina jinsi lilivyoandikwa kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, ulinganishe na cheti cha kuzaliwa. Dakika tano zile zitakuokolea nauli nyingi.

3. Cheti kinasema Mbeya? Kiache kiseme

Mtu aliyezaliwa Tunduma mwaka 2006 ana cheti kinachosema Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Leo Tunduma iko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Hakuna aliyekosea. Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Songwe ikawa mkoa mwaka 2016. Ndugu zetu wa Mkwajuni nao vyeti vyao vya zamani vinataja Chunya.

Kwa hiyo usiende kutafuta cheti kipya chenye jina la Songwe, na usimruhusu kijana wa stesheneri akurekebishie mkoa kwa huruma yake. Panapoulizwa mahali ulipozaliwa, fuata cheti. Panapoulizwa unapoishi, andika anwani ya sasa: mtaa, kata, Halmashauri ya Mji Tunduma, Songwe. Mikoa miwili kwenye fomu moja si kasoro.

4. RITA kwanza, Bodi baadaye

Kuwa na cheti cha kuzaliwa ni hatua ya kwanza, kukihakiki ni hatua ya pili, na wengi husahau hii ya pili. Maombi ya uhakiki yanatumwa kwenye mfumo wa RITA mtandaoni, unalipia, unasubiri jibu. Hilo jibu ndilo linaloambatana na maombi ya mkopo. Cheti cha kifo cha mzazi kinapita njia hiyo hiyo. Waliozaliwa Zanzibar wana wakala wao, ZCSRA.

Msongamano huwa mkubwa dirisha likishafunguliwa, kwa sababu nchi nzima inakumbuka siku moja. Ukituma Januari unahudumiwa kwa raha.

Sasa habari ya Nakonde, ng'ambo kule Zambia. Wapo akina mama walioshikwa na uchungu upande wa pili wa mpaka wakajifungulia huko, na wapo wazazi waliofia Zambia wakiwa kwenye biashara. RITA haina kumbukumbu ya tukio lililoandikishwa nchi nyingine. Utaratibu uliopo ni kupata barua kutoka RITA inayohusu hati hizo za nje, kwa hiyo peleka nyaraka za kule mapema na ueleze ukweli. Njia ya mkato ya kuandikisha kwamba mtoto alizaliwa Tunduma imeshawaletea watu matatizo NIDA na Uhamiaji, achilia mbali mkopo.

Jambo la mwisho kuhusu vyeti. Mwaka 2013 mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano ulizinduliwa Mkoa wa Mbeya, Songwe ikiwa bado ndani yake. Watoto wale sasa wako sekondari. Kama cheti chako kilitolewa katika mpango ule, kitoe sandukuni leo ukisome herufi kwa herufi, maana kuna majina yaliyoandikwa haraka haraka wakati mtoto analia.

5. NIDA: namba yatosha, lakini itafute

Ukifikisha miaka 18 unaruhusiwa kujiandikisha. Usisubiri kadi ya plastiki, kinachohitajika ni namba. Mpakani maswali ya uraia huwa mengi kidogo kuliko Morogoro, na hiyo si dharau kwako. Nenda na cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na barua ya serikali ya mtaa. Ukiwa na mzazi pembeni mambo huenda haraka zaidi.

6. Simu yako iko nchi gani?

Swali hili mtu wa Iringa hawezi kulielewa. Kwanza, kwenye fomu weka namba ya Tanzania iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo laini ya Nakonde unayoitumia kwa sababu bando lake ni nafuu, wala namba ya shemeji. Ujumbe wa Bodi utapita hapo, na ukisahau nywila utairejesha kupitia hapo hapo. Namba hiyo itunze mpaka umalize chuo.

Pili, saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukikaa karibu na mpaka na simu ikadaka mnara wa ng'ambo, saa yake inaweza kujirudisha yenyewe. Usiku wa siku ya mwisho unaona saa tano kasoro, unajipa moyo, kumbe Tanzania ni saa sita kasoro. Zima saa ya kujiweka yenyewe, chagua mtandao kwa mkono, na zima matumizi ya data ya nje ya nchi yasikumalizie salio ukiwa katikati ya kupakia. Afadhali zaidi, usiwe mtu wa siku ya mwisho.

7. Stesheneri, ndiyo. Kishoka, hapana

Si kila mtu ana kompyuta, na fomu hii kwenye simu ndogo inachosha macho. Stesheneri za Tunduma, Mlowo na Vwawa zinafanya kazi nzuri kwa waombaji wengi. Ila kaa kwenye kiti mwenyewe. Anayepiga chapa awe mkono wako tu, akili iwe yako.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, hairudishwi, na inalipwa kwa kontro namba ambayo mfumo wenyewe unakutolea. Lipa benki au kwa simu. Mtu akikuambia umtumie kwenye namba yake binafsi "akulipie huko huko", huyo ni kishoka. Anayesema ana mtu wake ndani ya Bodi wa kukupandishia asilimia, naye ni kishoka, hata kama amevaa tai. Nywila usimwachie mtu, na usikubali stesheneri ikufungulie akaunti kwa barua pepe yao. Wapo waliokuja kubadilisha taarifa Septemba wakakuta barua pepe ni ya duka lililokwisha fungwa.

8. Saini bado ni za wino

Mfumo ni wa kidijitali, saini ni za mkono. Baada ya kujaza unachapa fomu, unasaini wewe na mdhamini wako, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji anagonga muhuri, na hakimu au wakili anathibitisha kiapo. Kurasa zenye saini ndizo unazoskani na kuzipakia tena.

Makosa ya hapa ni madogo na ya kuudhi: muhuri uliofunika jina, picha ya simu iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, ukurasa wa mdhamini umejazwa lakini kitambulisho chake hakipo. Mtendaji wa kijiji kule Kamsamba au Ndalambo naye ana ratiba zake, ana vikao, ana msimu wa kilimo. Mpigie simu kabla ya kupanda bodaboda. Na mwambie mdhamini anachosaini. Baba mdogo aliyeshtukizwa na kalamu anaweza kukataa dakika ya mwisho, na ana haki.

9. Hali ya nyumbani haisomeki usoni

Bodi inapanga mikopo kwa kupima uhitaji, na inapima kwa ushahidi. Haijui kwamba baba alikuwa utingo wa lori akapata ajali, wala kwamba mama anauza vitenge vya mkopo pale mpakani. Inajua kilichoambatishwa.

Kaya yenu ikiwa kwenye TASAF, andika namba ya kaya. Mzazi aliyefariki, weka cheti cha kifo kilichohakikiwa. Mwombaji au mzazi mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Uliyesomeshwa na shirika au mfadhili sekondari, hasa kama shule ilikuwa ya binafsi, pata uthibitisho wao wa maandishi. Hili la mwisho ni zito: bila barua hiyo, ada kubwa ya shule ile inasomeka kana kwamba ililipwa na wazazi wako.

Usitie chumvi. Baba mwenye duka ni baba mwenye duka. Namba za utambulisho na za walipa kodi zipo kwenye mifumo ya Serikali, na mifumo hiyo inazidi kusomana.

10. Diploma nayo imo

Hii wengi wa mkoani kwetu bado hawajaisikia vizuri. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Bajeti ya kuanzia ilitajwa kuwa shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi wapatao 8,000. Fani zake ni pamoja na afya, uhandisi wa nishati, madini, usafirishaji, kilimo na mifugo, na ualimu wa sayansi. Kijana wa Tunduma aliyezaliwa katikati ya malori na reli ya TAZARA, usafirishaji huo si jambo geni kwake. Mwongozo wa stashahada ni tofauti na wa shahada, na tarehe zake zinaweza kutofautiana. Soma ule unaokuhusu.

Waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa michepuo ya sayansi wana Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23 kwa wanafunzi 640. Hiyo hairudishwi.

11. Vigezo vinavyosahaulika

Umri usizidi miaka 35. Uwe umehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Usiwe na ajira wala mfadhili mwingine. Na namba ya kidato cha nne uliyoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, azitaje zote. Mwenye namba moja huku na nyingine kule atapata chuo na atakosa mkopo, kwa sababu orodha mbili zimeshindwa kukutana.

12. Ukishatuma, usilale

Fungua akaunti yako mara kwa mara. Bodi imekuwa ikitoa muda mfupi wa kurekebisha dosari baada ya dirisha kufungwa, na taarifa inaweza kukukuta huna salio. Majina hayatoki yote siku moja, yanatoka kwa awamu, na matokeo yako utayaona kwenye akaunti yako binafsi, SIPA. Ukikosa awamu ya kwanza, ngoja ya pili. Ukikosa zote au ukipewa kidogo, lipo dirisha la rufaa, ambalo linataka ushahidi mpya. Kurudia barua ile ile kwa maneno makali zaidi hakusaidii. Ofisi ya kanda iko Mbeya, kwa hiyo mwenye jambo gumu hana haja ya kwenda Dar es Salaam.

13. Usome mkopo wenyewe kabla ya kushangilia

Mkopo una vipande: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Mtu anaweza kupata bumu, yaani fedha ya kujikimu, lote na ada nusu. Hiyo nusu nyingine chuo kitamdai mzazi. Fedha ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23, na kwa bei za Dar es Salaam haibaki.

Ni deni, tuseme wazi. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa inafanya deni lisipungue, ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo hadithi za dada yako aliyelipa miaka sita bila kuona mwisho ni za kweli ila ni za enzi nyingine.

Na bumu la kwanza halikusubiri getini. Mpaka chuo kikusajili, mpaka alama za vidole zichukuliwe, mpaka fedha iingie kwenye akaunti, wiki kadhaa zinaweza kupita. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Nauli, godoro, ndoo na chakula cha mwezi wa kwanza vitoke nyumbani, kwa hiyo baba na mama waambiwe sasa, wakati kahawa ya Mbozi na mahindi ya Momba bado hayajauzwa yakaisha.